Risasi Tano Katika Matundu Sita

Mwezi wa Januari 1876, katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas huko Marekani, polisi mmoja aitwaye Wyatt Earp alikuwa ameketi na wenzake katika chumba cha nyuma cha baa. Bastola yake ilichomoka katika mfuko wake, nyundo ikagonga kiti, na risasi ikafyatuka. Ilipita katika koti lake, ikagonga ukuta, ikatokea darini. Hakuna aliyeumia, ila waliokuwamo walitoka mbio. Earp hakuwa kuruta. Kosa lake lilikuwa kuiacha nyundo imelala juu ya risasi hai.

Askari aliyezoea bastola ya magazini, akikabidhiwa kwa mara ya kwanza bastola ya silinda ambayo haifyatuki mpaka nyundo ivutwe kwa kidole gumba, huenda akaidharau na kuiona chombo cha makumbusho. Asifanye hivyo. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Colt ya 1873, iliyokuwa bastola rasmi ya jeshi la Marekani hadi 1892, na nakala zake zingali zikiundwa, hasa nchini Italia. Aliyeipata mpya dukani ameipata pamoja na hatari yake ya kale.

Kuijaza kuna utaratibu wake, nao hauna mkato. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu. Vuta nyundo nusu, mpaka usikie mlio wa pili, ndipo silinda iweze kuzunguka. Fungua kilango cha upande wa kulia, tia risasi moja, ruka tundu moja, kisha tia nne mfululizo. Funga kilango. Vuta nyundo mpaka mwisho, ishikilie barabara kwa kidole gumba, bana triga, na uishushe polepole. Italala juu ya tundu tupu. Ukikosea hesabu kwa tundu moja tu, italala juu ya risasi. Kwa hiyo yafaa zoezi hili lirudiwe kwa risasi za bandia mpaka mkono uhesabu wenyewe.

Kampuni ya Ruger ya huko huko Marekani iliubadili mtambo huu mwaka 1973. Katika bastola zake za tangu hapo, kipande cha chuma hupanda kati ya nyundo na pini pale tu triga inapobanwa, na silinda huachiwa huru kwa kufungua kilango, bila kuigusa nyundo. Hizo zaweza kubebwa na risasi sita. Hata hivyo, mkufunzi mwenye busara atamfundisha mwanafunzi wake ile njia ya tano kwanza, kwani kwa macho bastola hizi hufanana, na giza halisomi jina la kiwanda.

Katika kulenga, mgeni hushangazwa na mpini. Umepinda kama mkono wa plau, hivyo bastola ikipiga hujiviringisha juu kiganjani badala ya kusukuma kifundo cha mkono. Asishindane nayo kwa kukaza vidole. Akishika kwa mikono miwili, gumba la mkono usiofyatua ndilo livute nyundo, ili ule mwingine usilegee. Nyundo husafiri mbali kabla ya kugonga. Shabaha ishikiliwe hata baada ya mlio. Hatua kumi zatosha kwa siku ya kwanza, na risasi tano polepole. Matundu yakikaribiana karatasini lakini yako pembeni, mpigaji hana kosa kubwa: vilengeo vya Colt havirekebishiki kwa bisibisi, na kila bastola ina mahali pake inapopenda kupiga.

Kuimwaga nako ni kwa moja moja, kwa kusukuma kijiti kilicho kando ya mtutu. Maganda matano yakishaanguka, zungusha silinda mzunguko mzima na kutazama kila tundu, likiwamo lile uliloliacha tupu.