Rangi ya Ua na Mbegu Yake (Sehemu ya Pili)

Wauza miche wa Kigali wanalijua lalamiko hili: nimeotesha mbegu za waridi jekundu, mbona limechanua jeupe?

Tuanzie kwenye maharage. Wakulima wengi wa Rwanda huchanganya mbegu za rangi mbalimbali na kuzipanda shamba moja, na wakivuna hupata mekundu, meusi na ya madoadoa kama walivyopanda. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla ya kufunguka. Nyuki anapofika, mara nyingi kazi imekwisha. Kwa vizazi vingi vya kujichavusha hivyo, mbegu hurithi jambo lilelile kwa baba na kwa mama.

Zinia na kosmosi hutegemea wadudu, na nyuki hajali bustani ni ya nani. Mbegu uliyoichuma kwenye zinia nyekundu mama yake unamjua. Baba huenda ni zinia ya njano ya jirani.

Tena rangi isiyoonekana si lazima iwe imepotea. Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alichanganya njegere za maua ya zambarau na za maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kikawa zambarau. Alipokiacha kijichavushe, mimea 705 ikatoa zambarau na 224 nyeupe; aliyachapisha hayo mwaka 1866. Weupe ulikuwa umejificha tu. Ndiyo sababu petunia za pakiti iliyoandikwa F1, yaani kizazi cha kwanza cha chotara, huwa sare msimu wa kwanza, nawe ukipanda mbegu zake rangi hutawanyika. Pakiti haijakudanganya, iliahidi kizazi kimoja.

Waridi la bustani ni chotara wa machotara, kwa hiyo mbegu zake nazo hutoa rangi usizotarajia. Wanaolima mawaridi ya biashara, kama yale ya Gishari wilayani Rwamagana, hawategemei mbegu. Waridi huzalishwa kwa vipande vya shina au kwa kubebesha, yaani kuunga aina moja juu ya shina la aina nyingine. Kubebesha nako kuna mtego wake: shina la chini likichipua, huchanua rangi yake lenyewe, na mwenye bustani huapa kwamba waridi lake limegeuka. Ling'oe chipukizi hilo pale linapoanzia, usilipunguze tu kwa mkasi.

Anayetaka zinia nyekundu kwa mbegu ang'oe kila mche wa rangi nyingine mara ua la kwanza linapofunguka, arudie hivyo kila msimu, na ikiwezekana azungumze na jirani.

Wiki ijayo: haidranjia, ambayo rangi yake hufuata asidi ya udongo.