Bibi Mhandisi wa Uhuru na Binti wa Obunga



Hivi karibuni tulikuwa Kisumu kwa ajili ya nikahi ya jamaa, na baada ya sala ya alasiri tukaalikwa nyumbani kwa mama mmoja mjane katika mtaa wa Obunga. Mtaa huo wajulikana kwa biashara ya samaki. Viwanda humchukua mbuta, vikatoa minofu na kuipeleka ng'ambo. Mifupa inayobaki pamoja na kichwa na mkia hununuliwa na kina mama, ikakaangwa na kuuzwa. Wenyewe huiita mgongo wazi. Kwa mgongo wazi mama yule amewalea watoto wake tangu mumewe alipofariki.

Binti yake mkubwa yuko shuleni, na wakati wa kuchagua masomo umewadia. Anataka fizikia. Ami yake, ambaye ndiye anayesaidia karo, amekataa: asema fizikia ni somo la wavulana, na msichana wa Kiislamu yamfaa jambo jepesi zaidi. Mama akatuambia, “Maalim, neno lako shemeji atalisikiliza. Tusaidie.” Binti alikuwa amesimama mlangoni, kimya, akingoja.

Hatuna budi kuwa wakweli mbele yenu. Miaka mingi iliyopita mwanafunzi wa kike katika chuo chetu alituuliza jambo kama hilo, nasi tukamjibu kwa haraka kwamba asijisumbue. Hakujisumbua. Jibu lile latuuma hadi leo. Basi Obunga hatukufanya haraka. Tulimsimulia binti kisa cha mhandisi mmoja, na leo twawasimulia nanyi, kwa kuwa tukio lake kubwa lilitokea katika pwani yetu wenyewe.

Kaskazini ya Malindi, katika maji ya Ngomeni, pana jukwaa la chuma linaloitwa San Marco, lililowekwa na Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio. Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo mwaka 1967. Wavuvi wa Ngomeni walilizoea kama walivyozoea miamba. Lakini wangapi kati yetu wajua kwamba aliyesimamia setilaiti mashuhuri kuliko zote zilizoruka hapo alikuwa mwanamke?

Jina lake ni Marjorie Townsend, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1930. Aliingia chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 15, na mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Alianza kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini, na mwaka 1959 akajiunga na shirika la anga la NASA. Hapo alishughulikia setilaiti za kwanza za kuchunguza hali ya hewa. Mwaka 1966 akakabidhiwa mradi wa setilaiti ndogo za kuchunguza nyota. Wakati huohuo alikuwa mke wa daktari na mama wa watoto wanne.

Kiongozi wa mradi kama huo ana amana nzito. Yeye ndiye anayeulizwa juu ya fedha, uzito, muda na majaribio. Gari likiharibika njiani, fundi huitwa. Mtambo ule ukisharuka, hapana fundi awezaye kuufuata. Kwa hiyo kila waya hupimwa duniani, ukapimwa tena.

Kwa nini basi walikuja kwetu? Dunia yazunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta ndipo mwendo wake ulipo mkubwa zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa mashariki kutoka karibu na ikweta hupata msukumo huo bure, ikaweza kubeba zaidi. Binti wa Obunga aliposikia hayo aliuliza, “Mbona basi hawakurusha Maseno, na ikweta inapita pale?” Mama yake alicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Roketi huangusha vipande vyake njiani. Mashariki ya Maseno kuna mashamba na watu. Mashariki ya Ngomeni kuna bahari tupu.

Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti yenye uzito wa takriban kilo 140 iliruka kutoka San Marco. Bibi Townsend aliipa jina la Uhuru, kuienzi siku hiyo na wenyeji waliompokea. Ndiyo setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini. Ilionyesha vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima.

Siku hizi kazi ya anga imekuwa pia biashara. Kampuni ya SpaceX ina rais mwanamke, mhandisi Gwynne Shotwell, tangu mwaka 2008. Roketi ya kampuni hiyo ndiyo iliyoibeba setilaiti ya Kenya, Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, kwa ajili ya habari za kilimo na mazingira. Wala mambo haya hayako mbali na karai la mgongo wazi: magugu maji yanayoziba Ziwa Victoria na kuwazuia wavuvi huonekana na kupimwa kutoka angani.

Wala si jambo geni katika umma wetu. Ibn al-Nadim amemtaja al-Ijliyya, mwanamke wa karne ya kumi aliyehudumu kwa Sayf al-Dawla wa Halab, miongoni mwa mafundi wa asturlabu, chombo cha kupimia nyota.

Baada ya magharibi tulikwenda kwa ami. Tulijiandaa kwa hoja za dini, lakini hakuzihitaji. Alituandalia chai, akanyamaza, kisha akasema, “Maalim, fizikia ina ada ya maabara na vitabu. Nina watoto wangu watano. Nitamwambiaje mtoto kwamba sina?” Kumbe neno “haimfai” lilikuwa vazi tu, ndani yake mlikuwa na umaskini na haya.

Tuliporudi, mama alikuwa angali jikoni. Waumini wachache wa msikiti wa karibu wameahidi kuichangia ada hiyo, na ami ametia saini fomu. Fizikia imo.

Enyi wazazi, kabla hatujamwambia binti kwamba jambo halimfai, tujiulize: ni dini iliyokataa, au ni mfuko? Ikiwa ni dini, tulete dalili. Ikiwa ni mfuko, tusiibebeshe dini mzigo usio wake, tusaidiane. Na Allah ndiye mwenye tawfiki.