Gemu ya simu inapokula usingizi na hela ya shamba

Wiki iliyopita mama mmoja alitutumia ujumbe baada ya kipindi. Kijana wake wa miaka 19 halali usiku, mchana hashiki jembe, na hela ya dawa ya viwavijeshi imeishia kwenye "almasi". Tulidhani amekosea kuandika. Hakukosea.

Almasi ni fedha ya ndani ya Free Fire, gemu ya mapigano inayopendwa kwa sababu inakubali hata simu ya bei nafuu. Kucheza ni bure, ila mavazi ya mchezaji na mapambo ya bunduki hununuliwa kwa almasi, na almasi kwa hela halisi. Wachezaji hadi 50 wanashuka kisiwani wakipigana mpaka abaki mshindi. Raundi moja ni kama dakika 10 tu, ndiyo maana kila mtu anasema "kamoja tu nilale". Ukiuawa mapema, unaingia nyingine hapohapo. Mpira una filimbi ya mwisho, gemu haina.

Halafu kuna bando la usiku, rahisi kuliko la mchana. Hilo nalijua vizuri. Nikiwa zamu ya alfajiri nilikuwa nacheza mpaka saa tisa usiku, na saa kumi na moja natakiwa niwe hewani. Siku moja redio ilikaa kimya, wasikilizaji wakapiga simu kuuliza kama umeme umekatika. Nikasema pikipiki iliharibika njiani. Mke wangu alikuwa anasikiliza nyumbani, na ukweli aliujua. Onyo la kazini nilipewa mara moja. Yeye alichukua miezi kuniamini tena.

Je, ni ugonjwa? Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Wataalamu wanaangalia mambo matatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya kazi na familia, na kuendelea kucheza hata anapoona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12. Kwa hiyo kijana anayecheza jioni akitoka shambani si mgonjwa, mwacheni apumzike.

Kunyang'anya simu mara nyingi huleta ugomvi tu, na simu hiyohiyo ndiyo inayopokea hela za mauzo. Mimi niliacha kununua bando la usiku. Simu nikawa naichaji sebuleni, nikanunua saa ya kengele, maana kisingizio changu kilikuwa "naihitaji iniamshe". Wiki ya kwanza nilikuwa mkali kwa kila mtu. Kilichonisaidia ni kuchoka: nilianza kufuga kuku, na jioni mwili wenyewe ukawa unadai kitanda.

Kama mtu hali, hasemi na watu, au anasema maisha hayana maana, viboko si dawa. Mpelekeni kituo cha afya, na mwombe rufaa kwenda hospitali yenye huduma ya afya ya akili.

Yule mama tulimpigia. Alianza kwa kubadilisha namba ya siri ya pesa kwenye simu yake. Kijana alinuna siku tatu. Juzi ameomba wapange pamoja saa za kucheza, na jana alikuwa shambani, japo alichelewa.