Ulimwengu wa Fasihi Unaanzia Wapi?

Mwanafunzi anayeanza kozi ya fasihi ya ulimwengu, yaani somo linalozikusanya kazi za mataifa na zama mbalimbali ili zisomwe kwa pamoja, huingia darasani na tumaini ambalo silabasi hailitaji: kwamba miongoni mwa vitabu vya watu asiowajua atakikuta kimoja kinachoyaeleza maisha anayoyajua. Tumaini hilo si la kitoto, na katika Afrika Mashariki ni wachache waliolitetea kwa muda mrefu kama mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025.

Ngũgĩ alisomea Kiingereza Makerere, ambako safari ya fasihi ilianzia Uingereza na kwa kiasi kikubwa ikaishia huko huko, kisha mwaka 1964 akaenda Chuo Kikuu cha Leeds, ambako utafiti wake ulielekea kwa waandishi wa Karibi, hasa George Lamming wa Barbados. Katika riwaya ya Lamming, In the Castle of My Skin, iliyochapishwa mwaka 1953, wanakijiji maskini wanaweka senti zao katika benki ndogo iliyoanzishwa na Bwana Slime, mwalimu wa zamani aliyegeuka kiongozi wao, huku wakimwamini kama mtetezi wao. Mwishowe ardhi inauzwa, wanaambiwa wahame hapo zilipo nyumba zao, na mzee anayeitwa Pa, aliyezeekea kijijini hapo, anapelekwa katika makazi ya wazee wasiojiweza. Kwa msomaji kama Ngũgĩ, aliyezaliwa Limuru, katika nchi ambayo walowezi walikuwa wametwaa mashamba ya wenyeji, kisa hicho hakikuwa cha kigeni hata kidogo, ingawa bahari nzima ilikitenga kisiwa cha Barbados na Kenya. Katika Homecoming, mkusanyo wa insha uliotoka mwaka 1972, Ngũgĩ aliichambua riwaya hiyo kwa makini ya mtu anayesoma habari za kwao.

Ndiyo maana waraka alioutoa Oktoba 1968 pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, wakitaka Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi ifutwe, haupaswi kusomwa kama wito wa kujifungia ndani. Watatu hao hawakukataa fasihi ya Ulaya. Walihoji mpangilio wake, na wakataka mwanafunzi aanzie kwenye fasihi simulizi, yaani ile inayopokezanwa kwa mdomo, pamoja na maandishi ya Kenya na Afrika Mashariki, kisha Afrika nzima, ndipo aufikie ulimwengu mwingine akiwa na mahali pa kusimama.

Hata Goethe, Mjerumani aliyeieneza dhana ya fasihi ya ulimwengu, alipomweleza mwandani wake Eckermann Januari 1827 juu ya riwaya ya Kichina aliyokuwa akiisoma, alisifu ukaribu wa watu wale na Wajerumani, lakini bado akasisitiza kwamba kielelezo cha kurejewa ni Wagiriki wa kale, yaani kitovu kilibaki Ulaya. Ngũgĩ alilijibu suala hilo la kitovu katika kitabu chake cha mwaka 2012, Globalectics, akieleza kwamba juu ya uso wa tufe hakuna kitovu kimoja, kwa kuwa kila nukta inaweza kuwa kitovu.

Hoja hiyo ni ya haki, ila vyuo havijaitekeleza kikamilifu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fasihi ya Kiswahili iko chini ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilhali Idara ya Fasihi hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumsoma Shaaban Robert katika jengo moja na Lamming katika jingine, pasiwe na mhadhiri anayewajibika kuwakutanisha. Je, mwanafunzi huyo akitaka kumjadili Pa kwa Kiswahili, katika insha itakayosahihishwa na kupewa alama, aipeleke idara ipi?