Ndugu Mgunda na Cheo cha Muda

Mwaka 1988, Coastal Union ya Tanga ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, sisi tulikuwa watoto wa chuoni, juzuu kwapani, na mwalimu wetu hakuwa mtu wa kuvumilia habari za mpira. Lakini msimu ule hata yeye alikuwa akiyajua matokeo, ingawa hakusema aliyapata wapi. Katika kikosi kile cha Wagosi wa Kaya alikuwamo Juma Mgunda. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao timu zao zilikuwa zikikutana na za Bara katika Ligi ya Muungano, watakumbuka jinsi Mkwakwani palivyokuwa pagumu kwa mgeni.

Ndugu Mgunda aliichezea pia Taifa Stars, kisha akashika kazi ya ualimu wa mpira. Mwaka 2019 alikuwa msaidizi wa Etienne Ndayiragije wa Burundi pale Stars ilipofungwa na Sudan 1-0 nyumbani, ikaenda kwao na kushinda 2-1, na hivyo kupata nafasi ya mashindano ya CHAN. Huko Coastal Union aliifikisha klabu hiyo isiyo na fedha nyingi kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, tarehe 2 Julai 2022 mjini Arusha. Yanga walilazimishwa sare ya 3-3, mabao yote matatu ya Tanga yakiwa ya kijana Abdul Suleiman "Sopu", na ikabidi kombe liamuliwe kwa penalti. Tulishindwa. Muda si muda Sopu akachukuliwa na Azam, kama ilivyo desturi ya vijana wetu wanapoiva.

Septemba ya mwaka huo huo Simba waliachana na kocha Zoran Maki kutoka Serbia, na mashindano ya Afrika yakiwa mlangoni wakamwita mtu wa Tanga, awe kocha wa muda. Akaenda Malawi akawafunga Big Bullets 2-0, na Dar es Salaam 2-0 tena. Akaenda Luanda akawafunga Primeiro de Agosto 3-1, na nyumbani 1-0. Michezo minne, ushindi minne, na Simba wakaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akatangazwa kocha mkuu: Roberto Oliveira, Mbrazili. Ndugu Mgunda akawa msaidizi. Aprili 2024, Abdelhak Benchikha wa Algeria alipoondoka, aliitwa mara ya pili, na kwa mara ya pili akaitwa wa muda.

Hatusemi wageni wasije. Oliveira aliifikisha Simba robo fainali, nasi tulishangilia. Tena kiti hicho ni cha moto hata kwa Mzungu. Mholanzi Ernie Brandts, beki wa zamani wa PSV, alijifunga mwenyewe dhidi ya Italia katika Kombe la Dunia la 1978, kisha akasawazisha, na nchi yake ikashinda 2-1 na kuingia fainali. Mtu mwenye historia hiyo alikuja Yanga mwaka 2012, akawapa ubingwa wa msimu wa 2012/13, na Desemba 2013, baada ya kufungwa na Simba 3-1 katika mchezo usiokuwa hata wa ligi, akaoneshwa mlango. Lakini Brandts alifukuzwa akiwa kocha mkuu. Mwalimu wetu wa nyumbani hapewi hata cheo cha kufukuzwa nacho.

Wenye klabu watasema cheti. Vizuri, basi vyeti vipatikane. Shirikisho, mikoa na wilaya zina maofisa michezo wanaolipwa kwa fedha za wananchi, na uwanja wa Mkwakwani ni mali ya Chama, ambacho sisi tunakitumikia na hatuoni haya kukikumbusha. Tungependa kuona kozi za daraja la juu zikifanyika pale, wakiitwa wachezaji wa zamani wa Coastal na African Sports, wa Pangani na Muheza, pamoja na wenzao watakaopanda boti kutoka Pemba. Na tungependa afisa wa kwanza atakayesoma maneno haya atuambie ni wachezaji wangapi wa zamani katika wilaya yake waliokwisha kupelekwa kusomea ualimu wa mpira. Nafasi ya jibu lake tutaiacha wazi katika safu hii.