WALIVYOWAKA, WALIVYOZIMA: MASELA WA ROKI NA GITAA LA UKUTANI

Mimi huku Didia nipo, jua linawaka na vumbi la barabara ya Tinde tunalila kama kawaida.

Wiki hii nianze na fulana. Juzijuzi nilikuwa gulioni nachambua mitumba, nikaona vijana watatu tofauti wamevaa fulana nyeusi yenye sura ya njano, macho yamepigwa mkasi kama hesabu uliyokosa, ulimi nje kama mtu aliyetoka kilabuni. Nikamuuliza mmoja, "Mshkaji, hiyo timu gani?" Akajibu bila wasiwasi, "Timu ya Ulaya hiyo, braza." Mwingine akadai ni nembo ya bia. Nilicheka mpaka mama muuza michembe akaniuliza nimepatwa na nini.

Jamani, ile siyo timu! Ile ni Nirvana, bendi ya Marekani iliyopiga roki chafu, gitaa linakoroma kama mashine ya kusaga yenye ugonjwa, mwimbaji analia kama kafiwa. Walitoka Aberdeen, mji wa wakata magogo jimbo la Washington. Biashara ya mbao ilipodorora, vijana wa pale wakabaki vijiweni kama sisi pamba inapokosa bei. Kurt Cobain na Krist Novoselic wakaunda bendi mwaka 1987. Albamu yao ya kwanza, Bleach ya 1989, kuirekodi kuligharimu dola 606 na senti 17 tu. Ya pili, Nevermind, ilitoka Septemba 1991, na Januari 1992 ikamng'oa Michael Jackson kileleni kwenye chati ya albamu za Marekani. Mwezi uliofuata huyo huyo Michael akatua Dar es Salaam, watu wakajaa barabarani kumshangaa, na sidhani kama kuna aliyejua kwamba jamaa ametoka kupinduliwa na masela wenye nywele chafu na mashati yaliyochanika!

Haikuchukua muda. Umaarufu ulimkaba Cobain, unga nao ukamkaba, na Aprili 1994 akajiua akiwa na miaka 27. Bendi ikaishia hapo. Fulana ndiyo hiyo imetufikia Didia.

Lakini sikukaa chini kuandika habari za Wazungu. Ninachotaka vijana wenzangu mjue ni kwamba Bongo tulikuwa na masela wetu wa roki miaka kumi na saba kabla ya Nirvana. Waliitwa Sunburst. Ukimtajia mtu leo anakutumbulia macho!

Sunburst ilianza Dar es Salaam mwaka 1970. Mwimbaji alikuwa James Mpungo, gitaa la solo likapigwa na Hembi Flory Kongo, besi akashika Bashir Idi Farhan. Walichanganya watu wa hapa na wa Zaire ya wakati ule, na muziki nao waliuchanganya hivyo hivyo: roki, soul, ngoma za kwetu, wanaimba Kiswahili, wanageuka Kiingereza. Huwezi kusema ni dansi la kina NUTA, na huwezi kusema wamewaiga Wazungu.

Sasa angalia walichagua wakati gani wa kuanza! Januari 1969 vijana wa TANU walikuwa wameanza Operesheni Vijana, vimini marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Mwisho wa mwaka ule ule, muziki wa soul nao ukapigwa stop Dar. Mwaka 1973 Radio Tanzania ikaachana na muziki wa kigeni. Kusema kweli hatua hiyo iliinua sana bendi zetu, tusiwe wachoyo wa fadhila. Ila kijana mwenye gitaa la kukoroma alikaa wapi hapo? Wageni walimwona Mwafrika, na nyumbani walimwona kama mgeni.

Halafu kuna suala la vyombo, ambalo kwangu mimi ndilo lenyewe. Enzi zile bendi kubwa nyingi zilikuwa na baba. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Jeshi na Polisi nao walikuwa na zao. Mwanamuziki alilipwa mshahara, gitaa la shirika, drams za shirika. Asiye na shirika alihangaika na mwenye klabu, na spika ikiungua dukani haipo, fedha za kigeni zenyewe hazikuwepo. Kiwanda cha kuchapa sahani za santuri nchini hakikuwepo pia. Ukitaka santuri unafunga safari ya Nairobi.

Sunburst wakaelekea kusini, Zambia. Huko roki ilikuwa imeshika moto hasa, siku hizi wanaiita Zamrock. Huko ndiko walikorekodi albamu yao pekee, Ave Africa, iliyotoka mwaka 1976. Ukiisikiliza usiku na spika nzuri, mwili unasisimka. Lakini na Zambia nako mambo yalikuwa yameanza kuharibika, maana bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya sabini na mifuko ya watu ikakauka nayo. Baada ya albamu ile Sunburst haikudumu. Miaka arobaini ikapita kimya. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ndiyo iliyokusanya nyimbo zao na kuzitoa upya. London, siyo Dar!

Mimi niliwasikia kwenye simu ya rafiki yangu, maana na sisi tulikuwa na bendi. Usicheke. Tulikuwa wanne, wote tumemaliza kidato cha nne, matokeo tusiyaongelee. Rafiki yangu aliuza mbuzi wawili wa babu yake (babu alijua baadaye) akanunua gitaa la umeme lililochakaa. Drams tuliunda kwa madumu na ngozi. Amplifaya ilikuwa redio ya mjomba. Wazee walituambia tunapiga kelele, ingawa hao hao ujanani walikuwa wanakesha kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu, kila upande na dawa zake za kuvuta watazamaji. Dawa sisi hatukuwa nayo.

Tulipanda miezi minane. Harusi mbili, kipaimara kimoja, halafu baa moja ikatuchukua kila Jumamosi. Watu walijaa, nakwambia! Mwenye baa akawa anasema "tutaongea wiki ijayo". Wiki ijayo zilipofika saba, mpiga drams akaenda kuendesha bodaboda Kahama, na rafiki yangu akapanda gari la Geita kwenda machimboni. Gitaa akaniachia mimi.

Hapo ndipo huwa namkumbuka Jagari. Emmanuel Chanda "Jagari" alikuwa mwimbaji wa WITCH, bendi kubwa kuliko zote za roki ya Zambia, waliotoa albamu ya kwanza mwaka 1972. Uchumi ulipoporomoka, na baadaye UKIMWI ukawazoa karibu wenzake wote wa kundi lile la zamani, Jagari akaishia kuchimba vito ardhini. Staa, na sururu mkononi! Alichimba miaka na miaka. Uzeeni ndipo mashabiki wa Ulaya walipomtafuta, akarudi jukwaani, na 2023 WITCH ikatoa albamu mpya, Zango.

Habari hiyo nilimtumia rafiki yangu. Akajibu kwa ujumbe mmoja: "Yeye alikuwa ameshatoa albamu."

Wiki iliyopita akapiga. Sauti imekwaruza, nadhani ni lile vumbi la karasha. Anasema wamefika kwenye mwamba unaoonyesha dalili, mwenye duara anataka kila mtu achangie chakula na mafuta ya jenereta, asiyechanga jina linafutwa kwenye mgao. "Uza gitaa," akasema. Nikamwambia tusubiri kidogo. "Tunasubiri nini?" Nikakosa la kusema.

Mteja nimempata, mwalimu wa kwaya kutoka Shinyanga mjini. Kaahidi kuja Jumamosi. Gitaa liko ukutani, waya wa tatu umekatika, na jana usiku nimelipiga hivyo hivyo na waya tano mpaka bi mkubwa akagonga mlango.