Upinde haiko kamba ya chuma



Watu wengi hapa mujini wanafikiri kama ndani ya hifadhi kila muwindaji ni mwizi. Haiko hivyo. Tuchukue Hifadhi ya Okapi kule Ituri, iliyoanzishwa 1992 na kuingia katika urithi wa dunia wa UNESCO 1996. Ndani yake kuna sehemu iliyofungwa kabisa, sehemu ya mashamba, na sehemu ya kuwinda kwa desturi. Katika hii ya mwisho, Wambuti na Waefe wanaweza kutafuta nyama ya kula nyumbani. Si ya soko, wala ya wanyama wanaolindwa.

Sasa, mulinzi wa ICCN akikutana na muwindaji porini, anaangalia nini?

Kwanza, vyombo. Upinde wa Waefe ni mufupi. Mishale yenye chuma ni ya mboloko na wenzake; mishale ya mti mutupu yenye sumu ni ya makako. Mwenye upinde lazima aone nyama mbele ya kupiga. Akiona ni okapi, anaiacha ipite. Akilala, upinde nao unalala.

Kamba ya chuma haina macho. Inategwa juu ya mboloko, inakata muguu wa okapi. Mwenye kuitega akigonjwa ama akisahau, yenyewe inaendelea kuua, nyama inaozea pale. Na mboloko anazaa mutoto mumoja tu kwa kila mimba. Tena sisi wa agronomia tunajua: mboloko anakula matunda na kutawanya mbegu. Pori likibaki bila nyama, kesho miti nayo itapunguka.

Pili, mahali: huyu mutu iko katika sehemu gani? Tatu, muzigo: ni nyama gani, na ngapi? Mboloko mumoja ni chakula cha jioni. Vitunga vitatu vya nyama ya kukausha, hiyo ni biashara.

Shida inaanza pale mulinzi anaweka vyote katika kapu moja, anakamata upinde sawa na kamba. Kwa Muefe, upinde ni kama jembe kwa mulimaji. Ukimunyanganya bila kosa, watoto watalala njaa. Na yule anayejua kila njia ya pori hatakuja tena kukuonyesha pahali kamba zimetegwa. Hapo okapi ndiyo inapoteza.

Sheria ya 2014 inalinda nyama na pori. Ile ya 2022 inalinda haki za Wapygmée. Hazipigane. Zinakutana palepale njiani, mukononi mwa mulinzi anayefungua mufuko na kuuliza mbele ya kukamata.

Basi wenzangu, tukipata kazi huko, tujifunze kwanza kutofautisha vyombo.